Kikwangulio cha Mhunzi: Historia ya Seni katika Ufuaji wa Panga wa Japani

Historia ya panga za Japani kwa kawaida huandikwa kwa kufuata moto. Wasomaji huelezwa habari za tanuri inayogeuza mchanga wa chuma kuwa bonge, za bonge hilo linalokunjwa na kufuliwa mara nyingi juu ya fuawe, na za matiko, yaani kule kuupoza upanga ghafla ndani ya maji ili makali yake yawe magumu. Lakini kati ya pigo la mwisho la nyundo na matiko ipo hatua inayofanywa chuma kikiwa baridi, bila cheche wala mvuke, ambayo ndiyo inayoamua mistari ya upanga itapita wapi, unene wake utapungua kwa kiasi gani, na kama feleji iliyopatikana kwa taabu kubwa itabaki mahali ilipokusudiwa. Hatua hiyo ni ya kukwangua, na zana yake ni seni, kikwangulio chenye mishikio miwili ambacho mhunzi hukifua mwenyewe katika karakana yake. Insha hii inaifuata zana hiyo kutoka enzi za panga za kale hadi karakana za leo, na hoja yake ni kwamba elimu ya wahunzi wa Japani ilihifadhiwa katika zana walizojifulia kama ilivyohifadhiwa katika panga zao, na kwamba katika nyakati ambapo upanga ulipigwa marufuku, zana ndiyo iliyoivusha elimu hiyo hadi ng'ambo ya pili.

Kwa umbo, seni ni kipande kirefu cha chuma bapa chenye makali upande mmoja wa urefu wake, na chenye misuka miwili, yaani ncha nyembamba zinazoingia katika vipini, mmoja kila mwisho. Fundi huishika kwa mikono yote miwili, huiegemeza juu ya bapa la upanga, kisha huisukuma au huivuta kwa kadiri makali yake yalivyoelekezwa, akitumia uzito wa mabega zaidi ya nguvu za mikono, na kila inapopita huondoa maranda membamba ya chuma kama randa ya seremala inavyoondoa maranda ya mbao. Makali yake hayachongwi kwa wembamba wa kisu cha jikoni, kwa sababu makali membamba yangemeguka mara tu yanapokutana na chuma. Pembe yake ni pana na nzito, na kazi huifanya kwa ugumu na kwa mkao wake juu ya chuma kuliko kwa ukali unaohisiwa na kidole. Ziko seni pana za kusawazisha mabapa, ziko nyembamba za kuchimba mifuo, yaani mifereji mirefu inayopunguza uzito wa upanga, na ziko zilizopinda kidogo kwa ajili ya sehemu zenye uvungu. Upanga unaokwanguliwa hufungwa kwa vibanio na kabari juu ya benchi fupi la mbao, na mhunzi hukaa mbele yake karibu na sakafu, kama ilivyo desturi katika kazi nyingi za mikono za nchi hiyo.

Sharti la kwanza la kikwangulio chochote ni kuwa kigumu kuliko kile kinachokwanguliwa, na mhunzi hulitimiza sharti hilo kwa pande mbili. Kwa upande wa upanga, huulainisha kwa kuupasha moto na kuuacha upoe polepole, jambo linaloweza kufanywa kwa kuufukia ndani ya majivu ya mabua ya mpunga yanayozuia joto lisitoroke, hata feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kutiwa matiko, ikarudi katika hali yake laini zaidi. Kwa upande wa seni, huchagua feleji yenye kaboni nyingi, na mara nyingine huiunganisha kwa kuifua juu ya mwili wa chuma laini ili zana isivunjike katikati ya kazi. Huinyosha, huikata pembe ya makali, huitia matiko, kisha huipasha tena joto dogo, kiasi cha kupunguza wepesi wake wa kumeguka bila kuuondoa ugumu wake. Mwisho huinoa kwenye jiwe, na huinoa tena mara nyingi katika siku moja ya kazi, kwa maana seni iliyochoka huteleza na kung'arisha chuma pasipo kukikata.

Mfululizo huu wa kuchagua feleji, kuiunganisha, kuifua, kuichonga, kuitia matiko na kuinoa ndio mfululizo uleule wa kutengeneza upanga, umepunguzwa ukubwa na kuondolewa mapambo. Zana iliyotiwa matiko kwa joto la kupita kiasi humeguka makali kwa mkwanguo wa kwanza, na iliyotiwa matiko kwa joto dogo hupinda au kulala makali, kwa hiyo kosa la fundi humrudia siku ileile, mikononi mwake mwenyewe, kabla hajahatarisha upanga uliomgharimu wiki kadhaa. Hapo ndipo thamani ya kujifulia zana inapoonekana: mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi chini ya bwana wake, hujifunza tabia ya feleji katika kitu ambacho kikiharibika hasara yake ni ndogo, na ambacho kikifaulu kitamtumikia kwa miaka mingi.

Ili kuelewa kwa nini hatua ya kukwangua ilihitaji zana ya pekee, ni lazima kuufahamu muundo wa upanga wenyewe. Feleji ya jadi, iitwayo tamahagane, hutoka katika tatara, tanuri ya udongo inayolishwa mchanga wa chuma na makaa ya kuni kwa muda wa siku tatu mchana na usiku. Vipande vyake bora huwa na kaboni ya asilimia 1 hadi 1.5, nayo kaboni hiyo hupungua na kusambaa kwa usawa kadiri bonge linavyokunjwa, kwa kawaida kati ya mara 10 na 15, hata likawa na maelfu ya matabaka. Katika panga nyingi, feleji hiyo ngumu huvishwa kama ngozi juu ya kiini cha chuma laini, ili makali yawe magumu na mwili uweze kuhimili pigo bila kuvunjika. Upanga wa kawaida ukiwa na unene wa milimita 6 au 7 mgongoni, ngozi hiyo ina milimita chache tu, na fundi anayekwangua upande mmoja zaidi ya mwingine anaweza kuitoboa na kukifunua kiini, kosa ambalo wanoaji wa baadaye hawawezi kulifuta. Nyundo inaweza kulikaribia umbo, lakini haiwezi kulikamilisha kwa usahihi wa kiasi hicho.

Kazi ya seni huanza mara upanga unapopata umbo chini ya nyundo. Kwanza huondoa magamba ya chuma yaliyoungua na alama za nyundo, pamoja na tabaka la juu ambalo moto umelinyang'anya kaboni yake na ambalo, kama lingeachwa, lisingepata ugumu katika matiko. Kisha huchora mistari: mgongo, ukingo unaopita katikati ya bapa kutoka mpinini hadi karibu na ncha, na mpaka wa ncha yenyewe. Mwishoni huyapunguza makali, lakini haiyamalizi, kwa sababu makali membamba huweza kupasuka yanapoingia majini yakiwa mekundu. Mhunzi huyaachia unene wa milimita 2 hivi, na unene huo huondolewa na mawe ya kunolea baada ya matiko. Baada ya seni hufuata tupa na jiwe la kukwaruza, na upanga husafishwa mafuta yote ili udongo unaopakwa kabla ya matiko, mchanganyiko wa udongo, unga wa makaa na unga wa mawe, ushike vizuri. Udongo huo hupakwa mwembamba penye makali na mnene mgongoni, ili sehemu hizo mbili zipoe kwa kasi tofauti na mstari wa ugumu uonekane juu ya bapa.

Kukwangua ni pia njia ya kukisoma chuma. Mahali ambapo matabaka hayakushikana hujitokeza kama ufa mwembamba chini ya makali ya seni, mahali penye uchafu huonekana kama doa, na mahali penye ugumu usiolingana na pengine huibadilisha sauti na kuutetemesha mkono. Fundi akilazimisha zana kwa pembe ileile, mtetemo huo huacha mawimbi madogo juu ya bapa, na kila mkwanguo unaofuata huyaongeza, hivyo hana budi kuilaza seni kwa mshazari na kupita kwa mwelekeo mwingine hadi mawimbi yakatike. Kwa njia hiyo mhunzi hupata habari za kazi yake kabla ya kuingia katika hatua isiyorudi nyuma, na anaweza kuamua kuurudisha upanga motoni au kuuacha kabisa. Ni kipimo cha ubora kilichotangulia kwa karne nyingi vyombo vya maabara, na kilitegemea vidole, masikio na uaminifu wa anayekitumia.

Historia ya hatua hii ni ngumu kuifuatilia katika bapa la upanga, kwa sababu mawe ya wanoaji huzifuta alama zote za kikwangulio, na panga za thamani zimenolewa tena na tena katika karne zilizofuata. Ushahidi umebaki katika msuka, sehemu iliyofichwa ndani ya mpini, ambayo hainolewi na ambayo kutu yake ya kale hairuhusiwi kusafishwa, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha umri wa upanga. Wataalamu wa panga huainisha alama za misuka kwa mifumo ya tupa, iliyo ya kulala, ya mshazari au ya manyoya ya kipanga, kila mfumo ukihusishwa na shule fulani za wahunzi. Na katika orodha hiyo imo namna iitwayo sensuki, yaani msuka uliomalizwa kwa seni, inayopatikana katika baadhi ya panga za kale. Msuka huo hauna mistari ya meno ya tupa. Una mapito mapana ya makali yaliyosukumwa kwa mkono, na kwa mwanahistoria mapito hayo ni maandishi ya karakana yaliyosalimika kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuyapamba.

Enzi ambazo kazi hiyo ilistawi zilikuwa enzi za heshima kubwa kwa wahunzi. Mfalme Go-Toba, aliyetawala tangu 1183 hadi 1198, anakumbukwa kwa kuwaita katika kasri lake wahunzi mashuhuri kwa zamu ya miezi, na kutokana na ulezi wa namna hiyo, pamoja na mahitaji ya tabaka la wapiganaji lililoshika madaraka mwishoni mwa karne ya 12, zilikua shule kuu tano za Yamato, Yamashiro, Bizen, Soshu na Mino. Katika karne za 15 na 16 vita vya ndani viliongeza mahitaji hata karakana za Bizen na Mino zikatengeneza panga kwa wingi mkubwa, na makumi ya maelfu ya panga yalisafirishwa China katika biashara na utawala wa Ming. Uzalishaji wa kiwango hicho uligawa kazi kwa mikono mingi, na kukwangua, kama kupiga nyundo kubwa, kulikuwa miongoni mwa kazi zilizowalea wanagenzi hata wakapata macho ya kuona mstari ulionyooka.

Sababu moja iliyoifanya seni idumu ni uhaba wa tupa nzuri. Tupa ya zamani ilikatwa meno kwa patasi, jino baada ya jino, kisha ikatiwa matiko, na ilipochakaa ililazimu kulainishwa, kusawazishwa na kukatwa upya. Meno yake hujaa unga wa chuma unaokwaruza kazi, na huisha mapema juu ya feleji yenye kaboni nyingi. Seni ilikuwa na ukingo mmoja tu wa kutunza, ikinolewa kwa jiwe lililokuwepo tayari katika kila karakana, na kile ilichokiacha juu ya chuma kilikuwa laini kuliko alama za tupa. Kwa kuchimba mifuo, tupa ya kawaida haikufaa kabisa, na fundi alitumia seni nyembamba iliyochongwa kwa umbo la mfuo wenyewe, akaipitisha polepole mara nyingi hadi kina kilipolingana kutoka mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuulainisha mfuo kwa vijiwe vidogo.

Tofauti na Ulaya inasaidia kuiona njia hii waziwazi. Katika miji ya visu na panga kama Solingen nchini Ujerumani na Sheffield nchini Uingereza, umbo la mwisho lilipatikana kwa cherehe, mawe makubwa ya duara yaliyozungushwa kwa nguvu ya maji ya mito na baadaye kwa mvuke. Cherehe ilikuwa ya haraka, nayo ilizaa tabaka la wasagaji waliojitenga na wahunzi; lakini iliwaua pia, kwa kuwa vumbi la mawe na chuma liliharibu mapafu, na madaktari wa Sheffield katika karne ya 19 waliandika kwa uchungu kuhusu maradhi yaliyowamaliza wasagaji wakiwa bado vijana. Seni haitoi vumbi, hutoa maranda yanayoanguka sakafuni. Mwendo wake ni wa polepole na mavuno yake ni machache, lakini ilimwacha mhunzi akiwa na udhibiti wa kazi yake hadi karibu na mwisho, na hakuhitaji mto, gurudumu wala tajiri wa kumiliki kinu.

Amani ndefu ya utawala wa Tokugawa, ulioanza 1603, ilipunguza mahitaji ya panga za vita na kuongeza mahitaji ya zana za kazi. Mji wa Sakai, karibu na Osaka, ulipata sifa kwa visu vya kukatia tumbaku, zao lililofika Japani kwa mikono ya Wareno katika karne ya 16, na serikali iliviruhusu visu hivyo kubeba muhuri wa kuthibitisha ubora wake. Mji wa Miki, katika eneo la Harima, uliharibiwa katika mzingiro wa ngome yake tangu 1578 hadi 1580, na ujenzi wake upya uliwavuta maseremala na wahunzi walioufanya kuwa kituo cha misumeno, patasi na randa. Upande wa kaskazini, mji wa Sanjo ulikua kwa misumari na zana za kilimo kabla ya kuingia katika visu na misumeno. Katika miji hiyo seni ilipata kazi mpya zilizolingana nayo kuliko hata upanga.

Kazi hizo zilikuwa mbili hasa. Ya kwanza ni ya patasi, randa na visu vya upande mmoja, ambavyo hufanywa kwa tabaka jembamba la feleji ngumu lililounganishwa na chuma laini. Upande wa feleji lazima uwe bapa kabisa ili makali yakate sawasawa, lakini kusawazisha eneo zima la feleji ngumu juu ya jiwe ni kazi isiyokwisha; kwa hiyo mhunzi huukwangua upande huo kwa seni iliyopinda kabla ya matiko, akaacha uvungu wa kina kidogo katikati na ukingo mwembamba pembeni, na ukingo huo ndio unaogusa jiwe. Kazi ya pili ni ya misumeno. Msumeno wa Kijapani hukata unapovutwa, hivyo bamba lake linaweza kuwa jembamba sana, lakini bamba lenye unene ule ule kila mahali hubanwa na mbao. Mhunzi wa misumeno alilikwangua likawa jembamba zaidi katikati na kuelekea mgongoni kuliko penye meno, tofauti ndogo isiyoonekana kwa jicho ila inayohisiwa na seremala kwa mvuto wa kwanza. Miongoni mwa wahunzi wote wa Japani, pengine ni wao walioifikisha seni kwenye kilele cha ustadi wake.

Katika mwisho wa karne ya 18 zilisikika sauti za kutaka upanga urudi kwenye ubora wake wa zamani. Suishinshi Masahide, aliyeishi tangu 1750 hadi 1825, alitafiti njia za shule za kale, akaandika kuhusu ufuaji na kufundisha wanafunzi zaidi ya mia moja, jambo lisilo la kawaida katika kazi ambayo siri zake zilizoea kukaa ndani ya ukoo mmoja. Juhudi zake zilikuta mafundi ambao mikono yao ilikuwa bado inajua kukwangua, kwa sababu miji ya zana ilikuwa imeiendeleza kazi hiyo wakati soko la panga lilipokuwa limelala. Elimu iliyokuwa imetoka katika upanga ikaingia katika patasi iliweza kurudi katika upanga bila kupotea njiani.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 28 Machi 1876, serikali mpya ya Meiji ilipopiga marufuku kubeba panga hadharani isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na katika mavazi rasmi ya serikali. Kwa amri hiyo moja wahunzi wengi walipoteza wateja wao wote. Baadhi waliacha kazi, wengine wakageukia visu vya jikoni, mikasi, nyembe na zana za useremala, na wachache, kama Gassan Sadakazu na Miyamoto Kanenori waliotunukiwa cheo cha mafundi wa kasri la mfalme mwaka 1906, waliendelea na panga chini ya ulezi wa serikali. Mfano maarufu wa waliogeuka ni Chiyozuru Korehide, aliyezaliwa 1874 katika ukoo wenye uhunzi wa panga na kufariki 1957, ambaye randa na patasi zake zilithaminiwa na maseremala wa Tokyo kiasi cha kuhifadhiwa leo kama kazi za sanaa. Mtu wa aina hiyo hakulazimika kuanza upya: kuchagua feleji, kutia matiko na kukwangua uvungu wa randa ilikuwa elimu ya babu zake katika umbo lililoruhusiwa na sheria.

Karne ya 20 ilileta feleji ya viwandani, tupa zilizokatwa kwa mashine na cherehe za umeme, na katika karakana nyingi za zana seni ikatundikwa ukutani. Panga za jeshi zilizotengenezwa kwa wingi hazikuhitaji mkwanguo wa mkono, ingawa karakana iliyofunguliwa mwaka 1933 katika eneo la hekalu la Yasukuni mjini Tokyo iliendelea na njia za jadi hadi 1945 kwa ajili ya maofisa, katika vita vilivyoacha maafa makubwa barani Asia. Baada ya Japani kushindwa, jeshi la Marekani lililokalia nchi lilikataza silaha na kukusanya panga nyingi mno, na ni kwa juhudi za wasomi wa sanaa ndipo panga zenye thamani ya kihistoria zilipopewa ruhusa ya kubaki na wenyewe. Chama cha kuhifadhi panga za sanaa kiliundwa 1948, ufuaji ukaruhusiwa tena 1953 kwa leseni, na mwaka 1955 mhunzi Takahashi Sadatsugu akawa wa kwanza katika fani yake kutambuliwa kuwa Hazina Hai ya Taifa.

Leseni hiyo hutolewa mpaka leo kwa masharti yanayoilinda elimu yenyewe. Mwanagenzi lazima atumikie miaka mitano angalau chini ya mhunzi mwenye leseni na kupita mtihani wa serikali, na baada ya hapo hawezi kutengeneza zaidi ya panga ndefu mbili au fupi tatu kwa mwezi. Mwaka 1977 chama kilekile kilifufua tatara katika eneo la Okuizumo, mkoa wa Shimane, ili tamahagane ipatikane tena. Katika mazingira hayo wako wahunzi wanaotumia mashine kwa hatua za mwanzo na wako wanaoshikilia seni hadi mwisho, nao hawa hutaja sababu ileile ya kale: mashine huondoa chuma kwa haraka kuliko jicho linavyoweza kufikiri, na huleta joto mahali ambapo fundi alitaka baridi.

Kutoka Japani seni ilivuka bahari kwa njia ya vitabu na ziara za mafundi. Nchini Marekani, ambako chama cha wahunzi wa visu kilianzishwa 1976 ili kufufua ufuaji wa mkono, kitabu cha mwaka 1987 kilichoandikwa na Leon na Hiroko Kapp pamoja na mhunzi Yoshindo Yoshihara kiliwafikishia wasomaji maelezo na picha za kila hatua ya kutengeneza upanga, na seni ikiwamo. Wahunzi wasiokuwa na duka la kununulia zana hiyo walijitengenezea kwa walichokuwa nacho. Mara nyingi walitumia tupa kuukuu, ambayo feleji yake ina kaboni nyingi: waliisaga meno, wakaipinda misuka yake au kuifungia mishikio, wakaitengenezea pembe butu ya makali, wakaitia matiko upya na kuipasha joto dogo. Wengine walichukua vipande vya springi za magari, feleji isiyofikia ugumu wa tupa lakini inayovumilia zaidi. Kwa wenye nafasi ndogo, umeme ghali au mapafu ya kuyahurumia, kikwangulio cha kujitengenezea kilikuwa jibu la vitendo, na kila aliyekitengeneza alipita bila kujua katika mlango uleule wa mwanagenzi wa Bizen: ilimpasa aelewe matiko kabla ya kupata haki ya kukwangua.

Historia hii inadai utunzaji wa namna nyingine. Panga za kale za Japani zimeorodheshwa, zimesajiliwa na kutangazwa kuwa hazina za taifa, na makumbusho kama ile ya Bizen Osafune huzionyesha pamoja na kazi ya wahunzi walio hai. Zana zilizozitengeneza zimepata nafasi ndogo zaidi, ingawa makumbusho ya zana za useremala ya Takenaka mjini Kobe, iliyofunguliwa 1984, imethibitisha kwamba randa na msumeno vinaweza kusomwa kwa heshima ileile. Seni hupotea kwa urahisi kwa sababu hutumika mpaka kuisha: kila kunolewa huipunguza, na inapokuwa nyembamba mno hufuliwa kuwa kitu kingine, hivyo zana ya mhunzi wa karne ya 15 haiwezi kutarajiwa kuwapo. Kinachoweza kuhifadhiwa ni utaratibu wenyewe, yaani kuhakikisha kwamba kila anayefundishwa kufua upanga anafundishwa kwanza kufua zana ya kuukwangua, na kwamba maelezo ya pembe, joto na mkao wa mikono yanaandikwa kwa uangalifu uleule unaotolewa kwa majina ya panga mashuhuri. Jamii inayohifadhi kazi iliyokamilika peke yake huhifadhi matokeo. Inayohifadhi na zana huhifadhi uwezo wa kuyapata tena, na uwezo huo ndio ulioziokoa panga za Japani mara mbili, baada ya 1876 na baada ya 1945.